UNGA MWEUSI UNAOKATAA MAJI

Ndugu mfanya kazi, na wewe mama mwenye nyumba, na ninyi vijana wa masomo,

Toa simu iliyo mfukoni mwako na uitazame. Ndani yake mna batri, na ndani ya batri mna shaba na kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani inatoka katika udongo wa Kongo, hasa huku kwetu Lualaba na Haut-Katanga. Basi kazi ya mikono yako inasafiri mbali kuliko wewe mwenyewe.

Huko inakofika, ndani ya viwanda vya batri, kobalti inakutana na unga mmoja mweusi kama masizi ya sufuria. Unga huo unaitwa nanotubu za kaboni. Ni unga wenye faida kubwa, lakini ni mkaidi: unakataa maji, unashikana mabonge, na ukiachwa mkavu unaruka hewani na kuingia kifuani mwa watu. Wenye elimu wametumia miaka mingi kutafuta njia ya kuutuliza. Leo tutakueleza njia hiyo, maana ndani yake mna somo ambalo wewe unaweza kulitumia leo leo, mgodini na nyumbani.

Nanotubu ni kitu gani?

Kaboni unaijua. Makala ya kupikia ni kaboni. Masizi ni kaboni. Risasi nyeusi ya kalamu ya mtoto wa shule ni kaboni pia. Sasa fikiri karatasi nyembamba sana ya kaboni iliyokunjwa ikawa kama tiyo ya maji. Hiyo ndiyo nanotubu.

Udogo wake unashangaza. Ukigawanya milimetri moja mara milioni, kipande kimoja ni nanometri moja. Unywele wa kichwa chako una unene wa nanometri 80 000 hivi. Nanotubu moja ya unene wa nanometri 10 ni ndogo hata unaweza kupanga 8 000 upande kwa upande katika unene wa unywele mmoja. Lakini urefu wake unapita unene wake mara elfu au zaidi, kama tiyo ya unene wa sentimetri moja yenye urefu wa metri kumi.

Mwaka 1952 Warusi wawili, Radushkevich na Lukyanovich, walichapisha picha za nyuzi za kaboni zenye uwazi katikati. Mwaka 1991 Sumio Iijima wa Japani alizieleza wazi, na tangu hapo ulimwengu wote ukazijua. Ni ngumu kuvutika kuliko chuma cha pua, ni nyepesi, na nyingi zinapitisha umeme vizuri.

Kwa sababu hii watengeneza batri wanazipenda. Unga wa kobalti na litiamu unatunza nguvu ya umeme, lakini wenyewe haupitishi umeme vizuri. Unahitaji njia. Nanotubu zikitawanyika kati ya punje za unga huo zinakuwa barabara ndefu nyembamba, na umeme unapita kutoka punje hadi punje. Kiasi kidogo tu kinatosha. Lakini kuna sharti moja: zitawanyike. Zikibaki bonge moja pembeni, ni sawa na kujenga barabara zote ndani ya kijiji kimoja na kuacha vijiji vingine porini.

Kwa nini zinashikana?

Umekwisha kupita kichakani na kurudi na mbegu ndogo zimeshika suruali yako. Mbegu moja unaitoa kwa kidole. Mbegu mia zinakuchosha jioni nzima. Nanotubu ni hivyo. Kati ya vitu vyote vidogo mna nguvu ndogo ya kuvutana, inayoitwa kwa jina la Mholandi van der Waals. Mahali pamoja nguvu hiyo ni kama si kitu. Lakini nanotubu mbili zikilala pamoja kwa urefu wao wote, zinashikana mahali pengi mno, na nguvu ndogo ndogo zinakuwa nguvu kubwa. Zinajifunga kama mafungu ya kuni, na mafungu yanasokotana.

Ukitia unga huu katika maji na kukoroga, unapata nini? Mama anayepika bukari analijua jibu. Ukimwaga unga wote mara moja katika maji ya moto bila kuukoroga vizuri, unapata madonge: nje yamelowa, ndani ni makavu. Nanotubu ni mbaya zaidi, maana kaboni haipendi maji kama vile mafuta yasivyoyapenda. Unakoroga, unaacha dakika chache, na unga mweusi umekaa tena chini ya chupa.

Polima inafanya kazi gani?

Hapa ndipo anaingia mpatanishi. Jina lake ni polima. Polima ni mnyororo mrefu uliofanywa na vipande vidogo vinavyofanana, vikiunganishwa kimoja kwa kingine kama shanga katika uzi. Plastiki ya bidoni ni polima. Utomvu wa miti mingi ni polima pia.

Wafanya kazi wa konsantrateri watanielewa upesi. Ninyi mnatia dawa ya ksantati katika maji ya kueleshea madini. Ncha moja ya dawa ile inashika punje ya madini. Ncha nyingine inakimbia maji na kushika povu la hewa. Hivyo madini yanapanda juu pamoja na povu, na mawe ya bure yanabaki chini. Polima ya nanotubu inafuata akili ile ile, lakini kwa kugeuza: sehemu moja inashika kaboni, na sehemu nyingine inapenda maji na kujinyoosha ndani yake. Hivyo nanotubu iliyokuwa ikikataa maji inavaa koti linalokubali maji. Na nanotubu mbili zenye makoti zikikaribiana, minyororo iliyojinyoosha inasukumana, na haziwezi kulala pamoja tena.

Mwaka 2001 kikundi cha chuo kikuu cha Rice, Marekani, ambamo alikuwamo Richard Smalley aliyepata zawadi ya Nobel mwaka 1996, kilionyesha kwamba polima inayoitwa polivinili pirolidoni inaweza kuzungushia nanotubu na kuzifanya zikae katika maji. Usiogope jina hilo refu. Umekwisha kuiona polima hiyo. Ile dawa ya iyodi ya rangi ya kahawia ambayo muuguzi anapaka kidonda chako kwenye dispanseri, iyodi yake imeshikwa na polima hiyo hiyo.

Mwaka 2002 wataalamu wengine walifanya kazi ile kwa gundi ya mgunga, utomvu wa mti unaokusanywa Sudani na Chadi. Jambo hili si geni hata kidogo. Tangu zamani za Misri waandishi walikuwa wakichanganya masizi na gundi ya mti ili kupata wino mweusi usiotengana na maji. Masizi ni kaboni, gundi ni polima. Wazee wale hawakuwa na darubini, lakini mikono yao ilijua.

Jinsi kazi inavyofanyika

Tuingie laboratwari, tuangalie fundi anavyofanya. Kila hatua ina sababu yake.

Kwanza anapima polima na kuiyeyusha katika kiyeyusho. Kiyeyusho ni maji, au ni dawa nyingine ya maji-maji inayoyeyusha vitu. Ni lazima polima na kiyeyusho viwe vinapatana. Gundi ya mgunga inafaa katika maji. Ukiitia katika kiyeyusho kisichoipenda, minyororo yake inajikunja badala ya kujinyoosha, na nanotubu zinarudi kushikana. Polivinili pirolidoni inakubali maji na viyeyusho vingine vingi, ndiyo maana inatumiwa sana.

Pili anatia nanotubu na kuzikoroga mpaka zilowe zote.

Tatu anatumia nguvu. Koti peke yake haliwezi kufungua fungu lililofungwa. Fundi anazamisha ncha ya chuma inayotetemeka mara 20 000 hivi kwa sekunde moja. Mtetemo huo unazaa viputo vidogo katika maji, na viputo vikipasuka vinavuta mafungu na kuyafungua kwenye ncha. Hapo polima inaingia katika ufa kama kabari katika jiwe. Mtetemo unaendelea, kabari inasonga mbele, mpaka nanotubu inaachana na ndugu zake. Viwandani, penye kazi nyingi, wanatumia pia vinu vyenye mipira midogo migumu.

Nne anachunga kipimo. Mtetemo unatia joto, basi chombo kinawekwa katika barafu. Ukizidisha muda, nanotubu zinakatika vipande vifupi na barabara ya umeme inakuwa fupi. Polima ikiwa kidogo, baadhi ya nanotubu hazina koti na zitashikana tena. Polima ikizidi, maji yanakuwa mazito kama uji, na makoti manene yanazuia umeme, maana polima nyingi hazipitishi umeme. Kipimo kizuri ni kati ya hapo, na kila aina ya nanotubu ina kipimo chake.

Mwisho anazungusha dawa kwa kasi katika mashini, ili mabonge yaliyobaki yaende chini. Kile kinachobaki juu ni cheusi kama wino, na kinaweza kukaa siku nyingi bila kutengana.

Katika kiwanda cha batri wino huo unachanganywa na unga wa kobalti na gundi yake, unapakwa juu ya karatasi nyembamba ya aluminiamu, na kukaushwa kwa moto. Upande wa pili wa batri unapakwa juu ya karatasi ya shaba. Ndiyo safari ya mawe yetu.

Hatari ya kwanza: vumbi

Sasa utauliza: ukurasa wa usalama unahusika nini na wino? Unahusika sana.

Katika kazi ile yote, hatua yenye hatari kubwa ni ile ya kwanza kabisa: kufungua chupa ya unga mkavu na kuupima. Unga ule ni mwepesi, unapeperuka kwa pumzi tu. Ndani ya mapafu yako mna askari, chembe hai zinazomeza uchafu na kuutoa. Askari mmoja anaweza kumeza punje ndogo ya mviringo. Lakini uzi mrefu mgumu, unaopita urefu wa askari mwenyewe, atashindwa kuumeza. Atachoka, atamwaga dawa zake kali mahali pale, na nyama ya mwili itaungua na kuvimba mwaka hata mwaka. Hivi ndivyo amianti ilivyoua watu wengi, na ugonjwa wake unaweza kuonekana baada ya miaka 20, 30 au zaidi, wakati mtu amekwisha kupumzika kazi na kusahau vumbi lile.

Mwaka 2008 wataalamu walitia nanotubu ndefu ndani ya tumbo la panya, wakaona madhara kama yale ya nyuzi ndefu za amianti. Zile fupi zilizosokotana hazikufanya hivyo. Mwaka 2014 shirika la kimataifa la uchunguzi wa kansa liliweka aina moja ya nanotubu katika orodha ya vitu vinavyoweza pengine kuleta kansa kwa mtu. Kwa aina nyingine, ushahidi haukutosha kuamua. Na mwaka 2013 idara ya Marekani ya afya ya kazini ilitoa shauri kwamba hewa anayovuta mfanya kazi isipite mikrogramu moja ya kaboni hiyo kwa kila metri kubi, kwa siku ya kazi ya saa nane. Mikrogramu moja ni gramu moja iliyogawanywa mara milioni.

Basi ona: ile polima na kile kiyeyusho havisaidii batri tu. Unga ukilowa na kuvaa koti, hauruki tena. Mafundi wengi sasa wananunua nanotubu zikiwa zimetawanywa tayari, ili wasifungue unga mkavu kabisa. Lakini usalama huo si kamili. Ncha inayotetemeka inaweza kurusha ukungu wenye nanotubu ndani yake, basi chombo kinafunikwa. Na dawa ikimwagika, inafutwa kwa kitambaa chenye maji kabla haijakauka, maana ikikauka na kukwaruzwa, vumbi linaweza kurudi.

Hatari ya pili: kiyeyusho

Usitoe nyoka mlangoni ukamwingiza mwingine dirishani. Katika batri nyingi kiyeyusho si maji. Ni dawa inayoitwa kwa herufi NMP. Inaonekana safi kama maji, harufu yake si kali, na hiyo ndiyo hila yake. Inapita katika ngozi na kuingia damuni, na inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni mwa mama. Tangu mwaka 2020 nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka mipaka mikali ya kuitumia. Viwandani mvuke wake unakamatwa na kugeuzwa tena kuwa maji-maji badala ya kuachwa kwenda hewani.

Wewe huna NMP nyumbani. Lakini una esansi, una mafuta ya taa, labda una dawa ya kupunguza rangi. Hivyo vyote ni viyeyusho. Fundi anayenawa mikono kwa esansi kila jioni anayeyusha mafuta ya grisi, ni kweli. Lakini anayeyusha pia mafuta ya ngozi yake mwenyewe. Ngozi inapasuka, na mlango unafunguka kwa sumu na kwa viini vya ugonjwa.

Na sisi huku?

Mgodini kwetu adui si nanotubu. Adui wetu ni vumbi la mawe, lenye silika. Lakini vita ni moja. Punje ya silika isiyoonekana kwa macho inafika chini kabisa ya mapafu. Askari wa mwili anaimeza, lakini anakufa nayo, na mahali pake panakuwa kovu. Makovu yakizidi, mtu anakosa pumzi hata kwa kupanda ngazi tatu. Ugonjwa huu, silikosi, hauna dawa ya kuuponya, na unafungulia mlango kifua kikuu.

Tuseme kuna kijana anayetoboa mwamba. Mpira wa maji wa mashini yake umeziba. Anasema moyoni: «Mashimo mawili tu yamebaki, nitayatoboa makavu.» Jioni hana maumivu yoyote. Kesho pia hana. Ndiyo maana atarudia. Lakini mapafu yake yanaandika kila shimo katika daftari lisilofutika. Kapita anayemwona na kunyamaza ameweka mkono wake katika daftari hilo.

Maji katika mashini ya kutoboa yanafanya kazi ile ile ya fundi wa laboratwari: yanaushika unga kabla haujaruka. Hata akili ya koti inatumika: katika migodi mingine, vumbi likikataa maji, wanatia katika maji dawa kidogo ya jamii ya sabuni, ili maji yalishike vumbi vizuri. Na kama kule laboratwari, maji peke yake hayatoshi. Hewa safi ipite katika galeri, na maski ikae usoni, si shingoni.

Mama, sehemu inayofuata ni yako. Nguo za kazi zinaleta vumbi nyumbani. Katika nchi nyingi wake wa wafanya kazi wa amianti waliugua kwa kukung'uta na kufua nguo za waume zao, wao ambao hawakuingia kiwandani hata siku moja. Basi usikung'ute nguo zile mlangoni watoto wakicheza karibu. Zitie kwanza katika maji zikiwa zimekunjwa, ziloweke, ndipo uzifue, mbali na nguo za mtoto.

Mashauri ya kushika

1. Usitoboe mwamba mkavu. Mpira wa maji ukiziba, simamisha mashini na umwite kapita.
2. Usifagie vumbi kavu. Nyunyiza maji kwanza. Usilipulize kwa hewa ya kompresa, wala usijipulize nguo.
3. Badili nguo na uoge kabla ya kurudi nyumbani, kama kuna mahali pa kuogea.
4. Usinawe mikono kwa esansi wala kwa kiyeyusho chochote. Tumia sabuni na maji.
5. Bidoni iliyokuwa na dawa ya kazini haichukui maji ya kunywa wala mafuta ya kula, hata ukiiosha mara kumi.
6. Kiyeyusho chochote kikae mbali na moto, katika chombo chenye jina lake, mahali ambapo mtoto hafiki.
7. Ukikohoa muda mrefu au ukikosa pumzi, mwendee munganga mapema, na mwambie ni miaka mingapi umefanya kazi katika vumbi.

Ndugu, wataalamu wakubwa wa dunia walipokutana na unga mkaidi, hawakushindana nao kwa ubishi. Waliulowesha, wakauvika koti, wakapima kila kitu kwa kiasi. Wewe pia, mpira wako wa maji ukiziba mwishoni mwa kazi na mashimo mawili yakibaki, kumbuka unga ule mweusi. Mashimo mawili yanaweza kungoja kesho. Watoto wako wanakungoja wewe leo, ukiwa na pumzi zako zote.

VUMBI LILOWESHWE KABLA HALIJARUKA!